Sindano ya Pili

Zubaida alikuwa anakisugua kichupa cha dawa katikati ya viganja vyake, taratibu, kama alivyofundishwa, mumewe alipoingia jikoni na kumwambia kwamba kesho ahame chumba chake.

Abudu hakuketi. Alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye kizingiti, kama alivyokuwa akisimama enzi zake za uaskari wa magereza kule Luzira, anapotangaza jambo lisilo na rufaa. "Mama Nabilah," alisema, "Husnah nakuja kesho kukaa hapa. Nyumba ya Kansanga maji naingia, na yeye iko na mimba. Wewe takwenda kule boizi. Hii chumba ya mbele tampa yeye."

Boizi ni vile vyumba viwili vya nyuma, vilivyobanana na choo, ambavyo wenye nyumba za Makindye hujenga kwa ajili ya watumishi. Cha kwao kilikuwa kinalaza magunia ya mkaa na baiskeli isiyo na matairi.

Zubaida aliitazama sahani sakafuni. Paka wao, Sajini, alikuwa ameshamaliza mukene wake, dagaa wa ziwani, na dawa ya sukari huingia mara tu paka anapokula. Akaipindua chupa, akaivuta dawa mpaka kwenye mstari wake, akaigonga sindano kwa ukucha ili povu lipande, akalisukuma nje. Kisha akachuchumaa, akaishika ngozi ya mgongoni mwa paka akaivuta juu kama mtu anayeinua kona ya shuka, akachoma. Sajini hakugeuka hata kichwa. Alikuwa paka wa rangi ya chungwa, mnene, mwenye shingo ya mzee aliyekula vizuri.

"Na dawa?" Zubaida aliuliza akiwa bado chini. "Dawa ni ya kukaa kwenye friji. Friji itakaa wapi?"

"Friji takaa hapa hapa. Wewe ukitaka dawa, unagonga mlango, Husnah nakufungulia."

"Nigonge."

"Hodi tu, Mama Nabilah. Hodi naua mtu?"

Akacheka kidogo, akainama akamkuna paka kidevuni. "Afande wangu," akamwambia. "Umekula? Umechomwa?" Akatoka. Zubaida alibaki ameshika sindano tupu, na hasira iliyompanda ilimfanya aone jiko zima linazunguka. Kugonga! Agonge mlango wa jiko alimopikia mafundi wote walioijenga nyumba hii!

Huyo paka ndiye aliyekuwa fahari ya Abudu. Walikutana katika stoo ya unga ya gereza, wote wawili wakiwa kazini, na siku Abudu alipostaafu alimleta nyumbani ndani ya gunia, akawatangazia majirani kwamba wamestaafu pamoja na kwa cheo kimoja. Dakta Akech, daktari wa wanyama, aliposema kwamba Sajini ana sukari, Abudu alilia mbele ya watu waliokuja na mbwa wao. Kwenye mazishi ya mama yake mzazi hakulia. Mpaka leo, mgeni akija, huketishwa sebuleni aangalie paka akichomwa, na Abudu husimulia kila hatua kama mtangazaji wa mpira.

Ila mwenye kuchoma alikuwa Zubaida. Abudu alijaribu mwanzoni, mikono ikamtetemeka, akasema hiyo ni kazi ya wanawake. Tangu hapo Zubaida hakulala msibani, hakukesha harusini. Kule kwao Bombo walipomwoza binti wa dada yake, aliambiwa habari kwa simu, kwa kuwa paka alikuwa na sindano yake ya asubuhi na sindano yake ya jioni, na umeme ukikatika kuna barafu ya kutafuta na chupa ya chai ya kuhifadhia dawa. Wanawake wa msikitini walimpa jina, nesi wa paka, wakidhani halijui.

Tena, Abudu alipomwoa Husnah, mwenye saluni ya Kansanga, hakumwambia mtu nyumbani. Jirani alimletea Zubaida sahani ya pilau ya harusi, Zubaida akaila, akaisifu, akairudisha sahani imeoshwa. Baada ya hapo ndipo alipoambiwa harusi ilikuwa ya nani. Alikula pilau ya mumewe kuoa! Siku hiyo aliapa kwamba neno lake halitaingia katika sikio la Husnah maadamu wote wawili wako hai, na kiapo hicho akakishika. Jambo likiwa la lazima, alilipitisha kwa wifi yake Sharifah, dada mkubwa wa Abudu, naye Husnah akajibu kwa njia hiyo hiyo. Kwa zamu za usiku, Abudu alianza na haki, akaendelea na visingizio. Zamu ya Zubaida ikifika, mara gari limekufa, mara mvua. Simu yake tu haikuwahi kukosa. Kila jua likichwa ililia, na alilosema lilikuwa hilo moja: "Umemchoma?"

Hakuna siku aliyouliza, "Umekula?"


Ijumaa Zubaida aliamka kwa swala ya alfajiri, akampa Sajini chakula, akamchoma. Kisha akaanza kuhamisha vitu vyake mwenyewe, asije akahamishwa na wabebaji. Jua lilikuwa halijapata nguvu pikapu iliposimama getini, imebeba kitanda, kabati la vioo na magodoro, na mbele wameketi Husnah na Sharifah.

Husnah alishuka akiwa ameshika kiuno. Alikuwa msichana wa uso mzuri, nywele zake zimefunikwa vizuri, na alionekana kuogopa. "Asalaam aleikum, dada," alisema.

Zubaida alimgeukia Sharifah. "Wifi, mwambie mgeni wako salamu nimeiitikia moyoni."

"Abaange, Zubaida!" Sharifah alipiga makofi. "Hii maneno ya kupitisha kwangu itaisha lini? Mimi ni posta?"

"Mwambie pia kiti chenye mguu mbovu asikikalie. Nisije nikasingiziwa."

Husnah aliinamisha kichwa. "Dada Sharifah, mwambie asante."

Wabebaji walianza kuteremsha kabati, Sharifah akabaki getini kuwapigia kelele juu ya vioo. Abudu, tayari amevaa kanzu, alimvuta Husnah pembeni karibu na jiko. Zubaida alikuwa anapita na beseni la nguo, na hakusikia yote. Alisikia, "Kuanzia leo wewe ndiyo mama ya hii nyumba. Kila kitu, hata afande." Husnah akaitikia, "Kale, ssebo," yaani sawa, bwana. Abudu akawasha gari akaenda zake mjini, na Ijumaa zake hazikukosa vituo vingi kabla ya msikiti.

Zubaida aliporudi kutoka boizi na beseni tupu, alipita chini ya dirisha la jiko, akasikia mlango wa friji. Akachungulia.

Husnah alikuwa ameshika kichupa. Alikitikisa kwa nguvu, kama dawa ya kikohozi. Sajini naye, ambaye tumbo lake halikujua kusema basi, alikuwa anakula mukene wa pili huku mkia umesimama kwa furaha. Husnah alivuta dawa, akainua sindano kwenye mwanga, akaiangalia kwa makini sana huku midomo yake ikisema kitu, labda bismillahi. Alikuwa anajitahidi. Mtu yeyote angeona kwamba anajitahidi.

Ameshachomwa. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa mdomoni mwa Zubaida, tayari. Akageuka kumtafuta Sharifah, alipitishe. Sharifah alikuwa mbali, getini, anagombana na mbebaji aliyepasua kioo. Hapakuwa na mtu wa kati. Kulikuwa na yeye, dirisha, na huyo mwanamke aliyemfanya ale pilau.

Kwanza kilichomfunga mdomo kilikuwa kiapo. Sindano ikaingia. Halafu, Husnah alipokuwa anasugua mgongo wa paka na kumwambia, "Pole, baba, pole," ndipo wazo lilipomjia Zubaida, likakaa, likajinyoosha. Sajini akianguka leo, ataanguka kwa mkono wa nani? Aliyelia mbele ya mbwa wa watu atafanya nini? Atamtupa nje huyu binti kabla magodoro hayajafunguliwa, na kitanda kitarudi juu ya pikapu, na chumba cha mbele kitabaki na mwenyewe.

Hakutaka paka afe. Hilo alijiambia mara nyingi, na lilikuwa kweli. Dakta Akech alimweleza dalili zote za dawa iliyozidi: njaa, mwili kulegea, miguu kupishana, kisha kifafa. Dawa yake ni sukari, asali ipakwe kwenye ufizi, upesi, kisha akimbizwe kwake. Zubaida alikuwa na asali ya Arua katika chupa ndogo. Aliifunga kwenye pindo la leso yake, akaendelea kuhamisha vitu.


Asubuhi hiyo ilikuwa ndefu. Kila alipopita alimtazama. Sajini alilala juu ya zulia jipya la Husnah. Baadaye akaamka akalia mbele ya sahani tupu, Husnah akamwonea huruma akampa kipande cha nyama. Zubaida aliona hivyo, akajisemea vizuri, nyama itamshikilia mpaka Abudu arudi. Alikuwa anapima wakati kama mpishi anayesubiri watu waketi ndipo apakue. Na kisasi, ukweli usemwe, kilikuwa kitamu. Alijikuta anaimba wimbo wa harusi wa Kinubi huku anafagia vumbi la mkaa katika chumba ambacho hakukusudia kulala hata usiku mmoja.

Sharifah alimkuta hivyo akashangaa. "Wewe leo iko na furaha gani?"

"Nimekubali, wifi. Mtu akikubali anapumzika."

"Mungu akubariki. Mimi nilimwambia Abudu, Zubaida iko na roho kubwa."

"Iko kubwa," alisema Zubaida, akaendelea kufagia.

Abudu alirudi baada ya swala ya Ijumaa, amenunua tikiti maji na soda. Mkeka ulitandikwa ukumbini. Husnah, kwa mara ya kwanza kama mama wa nyumba, alileta sinia la wali akaliweka katikati. Zubaida aliitwa naye akaja, akaketi upande wa mlangoni, leso imefungwa kiunoni. Hakuna aliyekuwa ametia tonge mdomoni Sajini alipotokea.

Alitoka chumba cha mbele akitembea kama walevi wa Kansanga wanavyotoka baa, miguu ya nyuma inakwenda kwake na ya mbele kwake. Akagonga ukuta kwa ubavu. Akajaribu kuufikia mkeka, akaanguka, na pale chini mwili wote ukaanza kupigapiga sakafu, meno yamekazana, macho yamefunguka hayaoni kitu.

"Banange!" Husnah aliruka. "Banange, nakufa! Mimi nilimchoma vizuri! Nilimchoma kama ulisema, ssebo, asubuhi, nilimpa chakula nikamchoma!" Akaanza kulia kwa sauti, mikono tumboni.

Abudu alisimama. Zubaida naye alisimama. Asali ilikuwa tayari katika ngumi yake, kizibo kimeshafunguliwa. Sasa, alisema kimoyomoyo. Mwambie atoke. Sema neno lako, mimi niokoe paka wako. Sema!

Abudu alimtazama paka. Akamtazama Husnah. Kisha akapita juu ya Sajini, kwa hatua pana ya mtu anayeruka dimbwi, akaenda akamshika Husnah bega.

"Wacha kulia," alisema. "Utaumiza mtoto. Wacha, mpenzi. Ni paka tu."

Zubaida alingoja. Alidhani kuna maneno mengine yanafuata. Abudu akamkalisha Husnah kitini, akamwambia Sharifah, "Letea yeye soda." Kisha akaongeza, kama mtu anayezungumzia kiatu kilichochakaa, "Ni mzee huyu, na ni mgonjwa. Siku yake imefika. Tatafuta mwingine."

Hapo ndipo Zubaida alipoacha kungoja. Alijitupa sakafuni, akamshika Sajini kichwa, akaingiza kidole chenye asali katikati ya meno. Meno yakamng'ata. Akaingiza tena, asali na damu pamoja, akasugua ufizi, akasugua ndani ya shavu, akamwaga chupa yote. "Amka," alimwambia. "Amka, afande. Amka nimekuja. Ni mimi." Aliita jina lake kwa sauti ambayo Sharifah, kwa miaka yote ya uwifi, hakuwahi kuisikia. Kila asubuhi ya Mungu kiumbe hiki kilikuwa kimemsubiri yeye. Si Abudu. Yeye. Ndani ya nyumba hii yote hapakuwa na mwingine aliyemsubiri kwa lolote, naye alikuwa amemchukua huyo huyo akamfanya jiwe la kumpigia mtu.

Mwili ulipiga, ukapunguza, ukatulia. Kwa kitambo Zubaida alidhani asali imefanya kazi. Kisha taya likalegea juu ya kidole chake.

Husnah alikuwa anavuta kamasi. Abudu alirudi kwenye mkeka, akamiminia mikono yake maji.

"Tule," alisema. "Wali napoa."

Husnah aliacha kulia. Alimtazama mumewe akikausha vidole kimoja kimoja. "Wewe uliniambia ni ndugu yako," alisema polepole. "Siku ile ulikuja kwangu ukalia, unasema huyu akifa na wewe unakufa. Nikakuhurumia. Nikasema, mwanaume analia kwa paka, huyo hawezi kutupa mtu."

"Hiyo ilikuwa maneno tu. Kula."

"Maneno tu?"

"Husnah, kula. Mtoto iko na njaa."

Husnah alisimama. Aliutoa mkono wa Sharifah uliokuwa begani mwake, akachukua mkoba wake juu ya kabati lenye kioo kilichopasuka. "Dada Sharifah, sema na wale wa pikapu. Mimi narudi Kansanga."

"Nyumba maji naingia!" Abudu alipiga kelele.

"Acha iingie."

Sharifah alimbembeleza, akamtajia aibu, akamtajia majirani, akamtajia mimba. Husnah alijibu kila mara kwamba saluni yake ina chumba cha nyuma na hakina maji. Alipofika mlangoni alisita mbele ya Zubaida, aliyekuwa bado chini na paka mapajani. Akachuchumaa kwa shida. "Dada," alisema, na machozi yalirudi, "nisamehe. Sikujua. Nilidhani nafanya vizuri."

Neno lilimjia Zubaida tena, kama asubuhi, tayari. Angeweza kulisema, na huyu msichana angeondoka mikono yake ikiwa safi. Sharifah alimkodolea macho, anamsihi. Zubaida aliinua uso, akamtazama Husnah, akanyamaza. Husnah aliondoka na lawama yake.


Zubaida alimzika Sajini mwenyewe nyuma ya mgomba, amemfunga katika leso yenye asali. Alilia bila kujificha. Kisha akaoga, akasali Magharibi, akaanza kurudisha vitu vyake chumba cha mbele. Aliweka kila kitu mahali pake: sanduku chini ya kitanda, kawa zake za rangi ukutani, marashi dirishani. Alikuwa ameshinda. Chumba kilikuwa chake, na friji ilikuwa yake aifungue atakavyo. Alijaribu kuifurahia hiyo furaha, na aliipata kidogo, chungu, lakini aliipata.

Abudu alirudi Isha imeshapita, kutoka Kansanga, kanzu imechafuka matope pindoni. Husnah hakumfungulia mlango. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akavua kofia, akahema.

"Wewe ndiyo mke wangu," alisema. "Mimi nimeona leo. Yule msichana hana akili hata moja. Naua paka ya watu, halafu yeye ndiyo nakasirika." Sauti ikamlainika. "Afande wangu. Tulistaafu siku moja, unakumbuka?"

Zubaida alikuwa anakunja nguo. Alimalizia aliyokuwa ameshika, akaiweka juu ya nyingine.

"Nilimwona," alisema.

"Nani?"

"Husnah, akimchoma. Mimi nilikuwa nimeshamchoma baada ya alfajiri. Nilisimama dirishani nikamtazama mpaka akatoa sindano."

Abudu aligeuka taratibu. "Nasema nini wewe?"

"Na asali nilikuwa nayo tangu asubuhi. Ulipokuwa unasema ni paka tu, ilikuwa hapa mkononi, imefunguliwa. Nilikuwa nakusubiri wewe useme."

"Nasema nini, Zubaida?" Alikuwa amesimama sasa. Jina lake lilikuwa halijapita mdomoni mwake kwa miaka, siku zote Mama Nabilah, Mama Nabilah. "Neno moja! Wewe ulikuwa nasema neno moja tu!"

"Ndiyo. Moja tu."

"Mimi takuacha! Tatoa talaka hii usiku!"

"Toa. Kansanga umefungiwa mlango. Nani atakupikia uji kesho?"

Abudu alimtazama mkewe kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi, akijaribu kukumbuka wapi amewahi kuuona uso huo. "Kwa nini naniambia?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo. "Mimi singejua. Hakuna mtu angejua."

"Ndiyo maana nimekuambia. Ujue unalala na nani."

Akapanda kitandani upande wake wa ukutani, akavuta shuka mpaka kifuani, akampa mgongo.

"Zima taa, Baba Nabilah," alisema. "Leo ni zamu yangu."

Abudu hakuizima taa.